Pampu ya joto baada ya boila ya mafuta: dalili, vyanzo na pa kuanzia kutafuta

Boila ya mafuta huficha mengi. Ina moto mkali, inapeleka maji ya nyuzi 70 hadi 80 kwenye rejeta za ukutani, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba joto, na maji yakiwa moto kiasi hicho, hata nyumba yenye mabomba membamba, rejeta ndogo na matope ya miaka mingi hupata joto. Siku boila inapoondolewa na pampu ya joto kuwekwa mahali pake, yote yaliyofichwa hujitokeza kwa mpigo, na lawama huangukia mashine mpya. Watu huagiza kompresa nyingine, yaani kifaa kinachokandamiza gesi ndani ya mashine, wakati iliyopo ni nzima kabisa na chanzo ni chujio lililoziba au vali iliyosahaulika.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: huchota joto kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani. Kadiri unavyoidai maji ya moto zaidi ndivyo kompresa inavyohangaika na umeme unavyokwenda. Nje kukiwa na nyuzi 7, mashine nyingi hutoa uniti 4 hadi 5 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, maji yakiwa ya nyuzi 35. Ukizitaka nyuzi 55, joto hilo hushuka hadi karibu uniti 3. Ndiyo maana dalili nyingi zilizo hapa chini, ukizifuata hadi mwisho, huishia kwenye maswali mawili: maji yana nyuzi ngapi, na yanapita lita ngapi kwa dakika?

Kabla ya kugusa chochote, andika namba nne: joto la maji yanayotoka kwenye mashine, joto la maji yanayorudi, mtiririko wa maji, na joto la nje. Mashine nyingi huzionyesha kwenye menyu ya taarifa. Ziandike asubuhi, mchana na usiku, kwa siku mbili tatu za baridi. Bila namba hizo fundi anabahatisha, na kubahatisha kwake unalipia wewe.

Rejeta ni vuguvugu tu

Ikiwa vyumba vina joto unalolitaka, hapa hakuna tatizo. Ngozi ya mkono ina takriban nyuzi 33, kwa hiyo rejeta yenye maji ya nyuzi 38 huisikii kuwa ya moto, ingawa inafanya kazi yake saa zote. Aliyezoea rejeta inayounguza mkono huogopa na kupandisha joto la maji. Asifanye hivyo. Pima hewa ya chumba kwa kipimajoto, uiache rejeta.

Nyumba nzima haifikii joto

Swali la kwanza ni: lini? Pampu ya joto huongozwa na mstari wa joto. Kihisi cha nje husoma baridi, na kidhibiti huchagua joto la maji kulingana na baridi hiyo. Mstari huo una marekebisho mawili: mwinuko, yaani maji yaongezeke moto kwa kasi gani baridi inapozidi, na kiwango, yaani mstari wote upande au ushuke.

Nyumba ikikaa vizuri siku za baridi ya kawaida lakini ikapoa baridi inapokaza, ongeza mwinuko kidogo. Ikipoa siku za baridi ya kawaida lakini ikawa sawa baridi inapokaza, pandisha kiwango na upunguze mwinuko. Ikipoa siku zote, pandisha kiwango kwa nyuzi 1 au 2, kisha subiri siku nzima kabla ya kugusa tena. Sakafu yenye mabomba ndani yake ingoje siku mbili. Wengi hukosea hapa kwa haraka: wanapandisha asubuhi, wanapandisha mchana, jioni nyumba ni tanuri, wanashusha yote, na kesho wanaanza upya.

Unapofanya marekebisho hayo, fungua hadi mwisho vali zote za themostati kwenye rejeta, zile zinazojifunga chumba kikipata joto. Vali zikiwa zimebanwa, hujui kama chumba kinapoa kwa sababu maji hayana joto la kutosha au kwa sababu vali imeyazuia. Kagua pia kihisi cha nje. Kikiwekwa kwenye ukuta unaopigwa na jua au juu ya tundu linalotoa hewa ya jikoni, hudhani nje kuna joto na hupunguza moto wa maji wakati unauhitaji.

Ikiwa mstari uko sawa na nyumba bado inapoa, linganisha joto la maji kwenye mashine na joto la bomba linaloingia kwenye rejeta. Hapa pana chanzo ambacho mafundi wengi hukipita bila kukiona. Mifumo mingi ya mafuta ilikuwa na vali ya kuchanganya, iliyorudisha sehemu ya maji yaliyopoa kwenye maji ya moto ili rejeta zisipate moto kupita kiasi. Pampu ya joto ikiunganishwa na vali hiyo ikaachwa mahali pake, mashine hutengeneza maji ya nyuzi 48 na rejeta hupata ya 42. Unalipia 48 na kuishi na 42. Tangi la akiba ya maji au kitenganishi (chombo kinachotenga mtiririko wa mashine na ule wa rejeta) kilichowekwa kati ya mashine na rejeta kinaweza kufanya vivyo hivyo, pampu za maji za pande zake mbili zisipolingana. Funga vihisi viwili vya joto kwenye mabomba, kimoja kabla ya tangi na kingine baada yake, uvifunike kwa kitambaa kizito, usome baada ya nusu saa. Tofauti ya uzi mmoja inavumilika. Ikifika nyuzi 4 au 5, chanzo umekipata. Vali ya kuchanganya iondolewe au ifunguliwe hadi mwisho na iachwe hivyo, na pampu ya upande wa pili irekebishwe kasi yake.

Kama joto linafika kwenye rejeta kamili na chumba bado kinapoa, sasa ndipo tuzungumzie ukubwa wa rejeta. Nguvu inayoandikwa kwenye rejeta hupimwa maji yakiingia na nyuzi 75 na kutoka na 65, chumba kikiwa na 20. Yaani maji yamezidi chumba kwa wastani wa nyuzi 50. Rejeta ya wati 2,000 hutoa karibu wati 1,000 tu wastani wa maji ukiwa nyuzi 50, na karibu 600 ukiwa nyuzi 40. Hesabu hiyo inatisha, lakini rejeta nyingi za zamani zilichaguliwa kubwa kuliko mahitaji, na nyumba iliyobadilishwa madirisha au kuwekewa kihami joto darini baadaye inahitaji joto dogo kuliko siku ilipojengwa. Ndiyo maana sishauri kubadilisha rejeta zote. Badilisha kwenye vyumba viwili au vitatu vinavyoilazimisha nyumba nzima ipandishiwe maji. Ukitoa rejeta ya bamba moja na kuweka ya mabamba mawili yenye mapezi, urefu na upana ule ule, unapata karibu mara 1.7 ya joto la awali bila kugusa bomba.

Aliye bado na boila yake afanye jaribio hili kabla ya kusaini mkataba wowote. Siku za baridi kali, ashushe maji yanayokwenda kwenye rejeta hadi nyuzi 55, afungue vali zote, na aache usiku na mchana. Vyumba vikikaa na joto, ajaribu 50. Chumba kitakachoshindwa ndicho cha kushughulikiwa. Boila za zamani hazipendi kukaa muda mrefu na maji yanayorudi yamepoa, kwa kuwa chumba cha moto hutoka unyevu na kuoza kwa kutu, kwa hiyo jaribio liwe la siku chache, au joto lishushwe kwa vali ya kuchanganya, boila yenyewe ikibaki na joto la juu.

Na baridi yenyewe? Wanaodai kwamba pampu ya joto haifai penye baridi wangalie Norwei, Uswidi na Finilandi, ambako mashine hizi zimeenea kuliko sehemu nyingine nyingi za Ulaya. Norwei ilipiga marufuku kupasha majengo joto kwa mafuta ya madini kuanzia 2020.

Chumba kimoja kinapoa, vingine viko sawa

Gusa rejeta juu na chini. Juu baridi, chini joto: kuna hewa ndani, itoe kwa ufunguo wake. Juu joto, chini katikati baridi: matope yametuama. Rejeta nzima baridi na bomba linaloingia la moto: pini ya vali imekwama, hasa baada ya kiangazi kirefu. Toa kichwa cha themostati, ibonyeze pini taratibu kwa kitu bapa hadi irudi yenyewe.

Rejeta ya mwisho kwenye njia ya bomba ikipoa huku ya kwanza ikiwa na joto tele, maji hayajasawazishwa. Wakati wa mafuta hilo halikuonekana. Sasa kila rejeta inapaswa kubanwa au kufunguliwa kwa kadiri ya chumba chake, ili maji yasikimbilie njia fupi. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mvumilivu, na kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine katika mabadiliko haya yenye faida kubwa kuliko hiyo kwa gharama ndogo vile.

Mashine inaonyesha hitilafu ya mtiririko mdogo

Hili ndilo kosa la wiki za mwanzo, na lina sababu nzuri. Boila ya mafuta ilipeleka maji ya moto sana ambayo yalirudi yamepoa kwa nyuzi 15 hadi 20. Pampu ya joto inataka tofauti ya karibu nyuzi 5 tu, kwa hiyo ili kubeba joto lile lile lazima ipitishe maji mengi zaidi. Kilowati 8 kwa tofauti ya nyuzi 20 ni karibu lita 6 kwa dakika. Kwa tofauti ya nyuzi 5 ni lita 23. Maji hayo mengi hukwangua matope meusi ya kutu yaliyolala kwenye rejeta kwa miaka, na yote huja kutulia kwenye chujio la mashine.

Zima mashine, funga koki za pande zote mbili za chujio, weka chombo chini, fungua. Yakitoka maji meusi kama wino na unga mweusi unaonasa kwenye sumaku, umeona mwenyewe. Safisha wavu, rudisha, jaza maji, toa hewa, angalia presha: maji yakiwa baridi iwe kati ya baa 1 na 1.5. Likiziba tena baada ya siku chache, kusafisha chujio hakutatosha. Mfumo wote usukumwe maji kwa mashine ya kusafishia na uwekwe chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi. Hili lilipaswa kufanywa kabla ya pampu kuunganishwa, na fundi aliyeliruka anastahili kuitwa arudi. Matope yakifika kwenye kibadilisha joto cha ndani ya mashine, ambacho njia zake ni nyembamba sana, gharama inakuwa nyingine kabisa.

Chujio likiwa safi na hitilafu ikabaki, kagua mambo haya kwa mpangilio huu: vali za themostati zimefungwa nyumba nzima kwa sababu vyumba vimetosheka, hewa imenasa sehemu ya juu ya mfumo, kasi ya pampu ya maji imewekwa chini, halafu mabomba. Bomba la shaba la milimita 22, kwa mwendo wa maji wa mita moja kwa sekunde na tofauti ya nyuzi 5, hubeba karibu kilowati 6 hadi 7. La milimita 28 hubeba karibu 11. La milimita 15 halifiki hata 4. Ukikuta mashine ya kilowati 12 imeungwa kwenye mita nyingi za bomba la 22, usitafute zaidi. Mita za mwanzo kutoka kwenye mashine zibadilishwe. Matawi yanayokwenda kwenye rejeta mojamoja mara nyingi yanaweza kubaki.

Inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache

Kompresa huchakazwa zaidi na kuwashwa kuliko kukimbia. Mizunguko ya nusu saa na zaidi ni afya njema. Ikiwaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa saa, tena siku nzima, kuna kasoro.

Chanzo kikuu ni mashine kubwa kupita kiasi, na hutokea hivi: boila ilikuwa ya kilowati 25, fundi akaona pampu ya 16 ni ndogo vya kutosha. Lakini boila nazo zilizidishwa ukubwa tangu mwanzo. Angalia mafuta uliyokuwa ukitumia. Lita moja ya mafuta ina takriban kilowati-saa 10. Lita 2,000 kwa mwaka ni 20,000, na boila ya zamani iliyopoteza asilimia 20 kwenye bomba la moshi na mwilini mwake ilikuachia 16,000. Katika nchi za Ulaya ya kati hugawanywa kwa takriban saa 2,000 ili kukadiria ukubwa wa mashine. Jibu ni kilowati 8. Mashine ya 16 kwenye nyumba hiyo haiwezi kujishusha vya kutosha siku za baridi ndogo, kwa hiyo inajaza joto, inazima, inawaka.

Mashine ikishanunuliwa, bado kuna la kufanya. Acha vali za rejeta wazi ili maji yote ya nyumba yapokee joto. Ondoa themostati ya ukutani ya enzi za mafuta, ile inayowasha na kuzima tu, na uuache mstari wa joto uongoze. Uliza kama nguvu ya juu ya kompresa inaweza kupunguzwa kwenye mipangilio ya fundi. Mwishowe fikiria tangi la akiba, ila liungwe kwenye bomba la kurudi ili lisichanganye maji kama nilivyoeleza juu.

Bili ya umeme imepanda kuliko ulivyoambiwa

Anza na hesabu, si hasira. Nyumba ile ile ya kilowati-saa 16,000 za joto itatumia umeme wa takriban 4,000 ikiwa mashine inatoa mara 4 kwa wastani wa mwaka, 5,000 ikitoa mara 3.2, na 6,400 ikitoa mara 2.5. Linganisha na mita yako ya mwaka mzima. Mwezi mmoja wa baridi kali haukuambii kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto la mwaka huliwa katika miezi michache.

Ikiwa umezidi hesabu, tafuta hita ya umeme ya nyongeza. Karibu kila mashine inayo, hutoa uniti 1 ya joto kwa uniti 1 ya umeme, na huwaka kimyakimya. Kwenye menyu kuna saa ilizofanya kazi. Zikiwa mamia katika msimu usio na baridi ya ajabu, angalia inaruhusiwa kuwaka kuanzia nyuzi ngapi za nje. Mara nyingi imeachwa kwenye nyuzi 0 au zaidi wakati mashine yenyewe ingeweza kumudu hadi chini ya hapo sana. Programu ya kukausha sakafu mpya nayo huachwa ikiendelea baada ya ujenzi. Mashine iliyowahi kupata hitilafu pia inaweza kuwa imehamia kwenye hali ya dharura na inapasha nyumba kwa hita peke yake: nyumba ina joto, hakuna anayelalamika, mita inakimbia.

Kisha kuna mazoea ya kuzima usiku. Kwa boila kubwa ya mafuta ilikuwa na mantiki, kwa kuwa asubuhi ilirudisha joto ndani ya nusu saa. Pampu ya joto ikiachiwa nyumba ipoe nyuzi 4, asubuhi hulazimika kutengeneza maji ya moto kuliko kawaida saa ile ile nje kuna baridi kuliko saa zote, na hita huitwa kusaidia. Shusha uzi 1 au 2 ukipenda kulala penye ubaridi. Zaidi ya hapo hupati faida.

Baada ya hayo, rudi kwenye mstari wa joto na uushushe kidogokidogo hadi chumba kigumu kuliko vyote kianze kulalamika, halafu rudi hatua moja. Kila uzi unaoushusha huokoa takriban asilimia 2 hadi 3 ya umeme wa kupasha nyumba.

Maji ya kuoga hayatoshi, au yanachelewa

Kama tangi ni lile lililotumika na boila, tatizo liko ndani yake. Koili ya matangi hayo, yaani bomba lililosokotwa ndani linalopasha maji, ilitengenezwa kwa maji ya nyuzi 80 na mara nyingi ina mita mraba moja au pungufu. Pampu ya joto inahitaji karibu mita mraba 0.25 kwa kila kilowati, yaani 2 kwa mashine ya kilowati 8. Koili ndogo haiwezi kupokea joto lote, maji yanarudi kwenye mashine yakiwa bado ya moto, presha ya gesi inapanda, na mashine inajizima kabla tangi halijafika. Dalili yake kwenye paneli ni maji yanayotoka ya nyuzi 58 huku tangi limekwama kwenye 44. Kubadilisha tangi ndiyo tiba. Kupandisha joto linalotakiwa kunazidisha ugonjwa.

Tangi likiwa jipya na maji bado yanaisha, angalia pampu inayozungusha maji ya moto ili bafuni yasichelewe kufika. Ikizunguka saa 24 hupoza tangi zima usiku kucha. Iwekee saa. Na usishushe tangi chini ya nyuzi 45 kwa ajili ya kubana umeme: bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Mpangilio wa kupandisha tangi hadi nyuzi 60 mara moja kwa wiki uachwe.

Nje kuna moshi mweupe, maji na barafu

Moshi mweupe ni mvuke. Nje kukiwa kati ya nyuzi 7 na chini kidogo ya sifuri na hewa ina unyevu, jalidi hujijenga kwenye koili ya nje, yale mabomba yenye mapezi yanayochota joto hewani. Mashine husimamisha feni, hugeuza mzunguko, na kuazima joto la maji ya nyumba kwa dakika 3 hadi 10 ili kuiyeyusha. Utasikia mlio wa kupumua kwa nguvu, utaona mvuke ukipaa na maji yakichuruzika. Hayo yote ni kawaida.

Barafu inayobaki baada ya kuyeyushwa si kawaida. Ikijijenga kutoka chini kwenda juu, maji hayapati pa kwenda: tundu la sinia linalokinga maji chini ya mashine limeziba, au mashine imekalishwa chini mno na barafu ya ardhini imeifikia. Iinue kwa sentimita 30 hivi na uweke kokoto chini zinyonye maji. Ikiwa koili imeganda kama ukuta mmoja, shuku majani na vumbi kwenye mapezi, feni, au maji ya nyumba kuwa machache na baridi mno kuazimisha joto, jambo linalotokea vali nyingi za rejeta zikiwa zimefungwa. Ikiwa imeganda sehemu moja tu na kwingine ni kavu, tena kuna doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba la shaba, gesi inavuja. Hapo usiguse. Ni kazi ya fundi wa gesi mwenye cheti, na kwenye mashine zenye R290, ambayo ni propani, usisogeze moto wala usiwashe kitu chenye cheche karibu.

Usipige barafu kwa nyundo wala kisu, mapezi ya koili ni bati jepesi la aluminiamu. Zima mashine, mimina maji ya vuguvugu, ngoja.

Mashine iliyowekwa kwenye kona yenye kuta tatu au chini ya kibanda huvuta tena hewa yake iliyokwisha kupozwa. Kipimajoto kikiwekwa mbele ya upande wa kuvuta kikasoma nyuzi kadhaa chini ya hewa ya uwanjani, tiba ni kuihamisha.

Kelele

Tofautisha kelele ya hewani na mtetemo wa ukutani. Mtetemo husikika ndani kuliko nje: mashine imefungwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala, au mabomba yameungwa bila vipande vinavyonyumbuka. Raba za miguuni na mabomba yanayonyumbuka huutibu. Kelele ya hewani hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, na huongezeka karibu desibeli 3 kwa kila ukuta ulio karibu na mashine. Hali ya usiku husaidia, lakini hupunguza nguvu. Usiitumie usiku wa baridi kali halafu ushangae hita imewaka.

Swichi ya umeme inaanguka, au presha imepotea baada ya umeme kukatika

Swichi ikianguka mara moja, irudishe. Ikianguka tena, iache na uite fundi umeme. Kuirudisha mara kwa mara huunguza kitu.

Mashine ambazo maji ya nyumba hufika hadi nje zina hatari ya kuganda umeme ukikatika wakati wa baridi. Nyingi huwekwa vali zinazojifungua maji yakikaribia nyuzi 3 na kuyamwaga chini. Ukikuta dimbwi chini ya mashine na presha sifuri, vali zimefanya kazi yake. Jaza maji, toa hewa, washa. Zikimwaga wakati umeme upo, kagua kihisi cha kuzuia kuganda na pampu ya maji. Na kamwe usizime mashine kwenye swichi kuu ukisafiri msimu wa baridi.

Harufu ya mafuta, chumba cha boila chenye unyevu

Boila ya zamani ilipasha chumba chake bure kwa joto lililovuja. Sasa chumba hicho ni baridi na kuta zinatoka jasho. Yafunike kwa kihami joto mabomba yote yanayopita humo, na upitishe hewa. Bomba la moshi lisilotumika lifunikwe juu dhidi ya mvua lakini liachiwe upenyo wa hewa, la sivyo unyevu wenye masizi utajitokeza ukutani kwa madoa ya kahawia.

Harufu hutoka kwenye tangi au mabomba ya mafuta yaliyokatwa bila kumaliziwa. Tangi linyonywe, lisafishwe tope la chini na liondolewe, au lijazwe na kufungwa kwa taratibu za mahali ulipo. Jambo moja lisiahirishwe hata kwa siku: bomba la kujazia mafuta lililotokeza nje ya ukuta. Lori likikosea nyumba, au oda ya zamani ikibaki kwenye orodha ya msambazaji, dereva ataunga mpira wake kwenye bomba hilo na mafuta yatamwagika yote kwenye chumba kisicho na tangi. Ajali hizo zimetokea, na nyumba iliyolowa mafuta sakafuni mara nyingine haikaliki tena. Bomba likatwe na tundu lizibwe kwa saruji siku ile ile tangi linapotolewa, kisha msambazaji aarifiwe kwa maandishi.